Kaa, Nieleze Ulichoandika: Mahojiano ya Mdomo Vyuoni Enzi za ChatGPT

Kwa miaka mingi mhadhiri aliyetoa asaimenti ya kurasa kumi alikuwa na dhana moja asiyoitamka: kwamba mtu hawezi kujaza kurasa hizo bila kufikiri. Dhana hiyo haikuwahi kuwa salama. Wapo waliodesa kwa wenzao wa mwaka wa juu, wapo waliolipa watu wawaandikie, na jijini Nairobi ikajengeka biashara nzima ya vijana wasomi wanaokesha wakiandika insha za wanafunzi wa Marekani na Uingereza kwa malipo ya dola kadhaa kwa ukurasa. Lakini udanganyifu huo ulikuwa na gharama. Kudesa kulihitaji mtu wa kumdesa, na kuandikiwa kulihitaji hela. Tarehe 30 Novemba 2022 kampuni ya OpenAI ilipoifungua kwa umma ChatGPT, programu ya akili mnemba (AI) inayokuandikia unachoiomba, gharama ilishuka hadi bei ya bando la siku.

Vyuo vilikimbilia kwanza programu za kutambua maandishi ya mashine. OpenAI wenyewe walitoa ya kwao Januari 2023, wakakiri tangu mwanzo kwamba inayatambua maandishi 26 tu katika kila 100 yaliyoandikwa na AI, na kwamba katika kila 100 ya binadamu inayasingizia 9. Kufikia Julai walikuwa wameiondoa. Turnitin, ambayo wanafunzi wengi wa huku wanaijua kwa ile asilimia yake ya wizi wa maandishi, iliongeza kipima AI Aprili 2023 ikidai kwamba kinakosea chini ya mara moja katika mia. Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, kikapiga hesabu rahisi: mwaka 2022 kilikuwa kimepitisha kazi 75,000 kwenye Turnitin, na asilimia moja ya hizo ni kazi 750 za watu wasio na hatia. Agosti 2023 kikakizima kipima hicho.

Kisha kuna habari ya Stanford, ambayo inatuhusu moja kwa moja. Mwaka huohuo watafiti wa chuo hicho walivipa vipima saba insha 91 za TOEFL, mtihani wa Kiingereza kwa wageni wa lugha hiyo, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya nyumbani. Kwa wastani, zaidi ya asilimia 61 zilihukumiwa kuwa za mashine. Insha za watoto wa darasa la nane wa Kimarekani zilipita karibu zote salama. Sababu yenyewe haina siri: vipima vya aina hii huangalia ni kwa kiasi gani neno linalofuata linatabirika, na anayeandika kwa lugha aliyojifunza darasani hutumia misamiati michache iliyozoeleka, kwa mpangilio uleule aliofundishwa. Mwanafunzi wa Dodoma au Eldoret anayeandika Kiingereza safi cha shule ana kila sababu ya kuogopa chombo kama hicho.

Jicho la mwalimu nalo halikufua dafu. Katika Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, watafiti waliwasilisha majibu ya AI kwa majina ya wanafunzi 33 wasiokuwepo, katika mitihani ya shahada ya saikolojia, bila wasahihishaji kujulishwa. Asilimia 94 ya kazi hizo hazikutiliwa shaka na yeyote, na kwa wastani zilipata alama za juu kuliko za wanafunzi wenye miili.

Palipobaki ni chumba cha mtihani na mdomo. Chumba cha mtihani kinatosha kwa mengi. Huko Marekani wengi wamerudi kwenye vijitabu vya kujibia vyenye jalada la buluu, kalamu mkononi, simu mlangoni. Ila kuna kazi zisizoingia katika saa tatu za kukaa kimya: ripoti ya utafiti, mradi wa uhandisi, programu ya kompyuta, uchambuzi wa riwaya uliochukua mwezi. Kwa kazi hizi ndipo mahojiano ya mdomo yamerudi kuzungumzwa. Mwanafunzi anawasilisha kazi yake, na siku chache baadaye anakaa na mtahini dakika nane, kumi au kumi na tano, kazi ikiwa mezani, aulizwe juu yake.

Watu wa huku hawahitaji kuelezwa sana mtihani wa namna hiyo. Aliyesoma uzamivu ametetea tasnifu yake. Aliyesoma udaktari amesimama mbele ya mabingwa kando ya kitanda cha mgonjwa. Na kabla ya yote hayo, katika darsa za Lamu na Zanzibar mwanafunzi alisoma kitabu mbele ya sheikh wake, akasimamishwa, akaulizwa, hadi sheikh aliporidhika akampa ijaza, yaani idhini ya kukifundisha. Jipya ni kuushusha utaratibu huo hadi kwenye asaimenti ya mwaka wa pili yenye alama 20.

Jambo la kulielewa mapema ni kwamba mahojiano hayajibu swali la nani ameandika. Mhadhiri anayeingia chumbani akitaka kujua kama ni ChatGPT au si ChatGPT atatoka na hisia tu. Swali ambalo mahojiano yanaweza kulijibu ni kama kilichomo kwenye karatasi kimo pia kichwani mwa aliyeileta. Kwa hiyo hayajali kazi imetoka kwa mashine, kwa binamu, au kwa kijana wa Nairobi. Vipima vinabidi visasishwe kila toleo jipya la AI linapotoka, swali la "kwa nini ulifanya hivi?" halisasishwi.

Nitoe mfano wa kubuni, wa kozi ya mbinu za utafiti. Mwanafunzi ameleta ripoti kuhusu mikopo ya wamachinga wa Kariakoo. Kiingereza cha ripoti kimenyooka mno, na mhadhiri ana mashaka.

"Karibu, kaa. Ripoti yako hiyo hapo, unaruhusiwa kuifungua."

"Asante, Dokta."

"Umeandika kwamba ulipata wafanyabiashara 40 kwa sampuli nasibu. Ulifanyaje?"

"Nilichagua bila upendeleo, Dokta."

"Sawa. Siku hiyo umeshuka pale Msimbazi. Ukaanza na nani?"

Anasita. "Nilianza na dada mmoja anauza vyombo. Anafahamiana na mama. Yeye ndiye akanipeleka kwa wenzake."

"Ahaa. Sasa hiyo ni nasibu?"

"Hapana, Dokta. Hiyo ni mmoja ananipeleka kwa mwingine. Jina lake limenitoka."

"Jina tuliache. Kasoro yake ni nini?"

"Watakuwa wanajuana wote."

"Na hilo linaharibu jibu lako lipi?"

"La mikopo. Karibu wote wako kikoba kimoja."

Ukisoma karatasi peke yake, huyu ni mdanganyifu: neno la kitaalamu limetumika vibaya (nasibu ni kuchagua kama kwa kura, kila mtu akiwa na nafasi sawa), lugha si yake, na huenda kweli AI ndiyo iliyomsafishia sentensi na kumwingizia hilo neno "nasibu" lisilohusika. Lakini Kariakoo alifika, na udhaifu wa data yake anaujua kuliko ripoti yake inavyoujua. Mwenzake anayefuata anaweza kukutajia aina tano za usampulishaji bila kupumua, halafu ukimuuliza alianza na nani siku hiyo akakosa hata mtaa wa kutaja. Hakuna programu ambayo ingewatenganisha hawa wawili. Dakika tatu za mazungumzo zimewatenganisha.

Tazama pia maswali yenyewe. Swali la jumla, la "ulifanyaje", halikuzaa chochote, na la maana ya neno, la "sampuli nasibu ni nini", lisingezaa pia: majibu ya maswali ya aina hiyo ndiyo rahisi zaidi kukariri usiku wa kuamkia mahojiano. Yaliyozaa ni yale yaliyoshika tukio: siku hiyo, pale, nani. Kuna mengine yanayofanya kazi vizuri. Mwambie mwanafunzi achague aya moja ambayo angeifuta kama angelazimishwa kupunguza ukurasa mzima, na aseme kwa nini hiyo. Anayeijua kazi yake anajua wapi imejazwa maji. Badilisha sharti moja: utafiti huu ungeufanya Mwanza badala ya Dar, nini kingebadilika? Kwa mwanafunzi wa programu, badilisha mstari mmoja wa msimbo mbele yake umuulize itatokea nini ukiiendesha. Kwa mwanafunzi wa fasihi, mwonyeshe nukuu aliyoitumia, umuulize yanayotangulia nukuu hiyo kitabuni ni yapi. AI ina tabia ya kuokota nukuu bila kuupitia ukurasa wake, na aliyeikabidhi kazi hajui ukurasa huo unasema nini.

Sasa, kama mambo ni mazuri hivi, kwa nini dunia iliuacha mtihani wa mdomo? Kwa sababu ulikuwa na maradhi, na hayajapona kwa kuwa tu ChatGPT imezaliwa. Huko Cambridge na Oxford wanafunzi walijibizana kwa Kilatini mbele ya hadhara kwa karne nyingi, hadi kuanzia karne ya 18 karatasi ilipoanza kuchukua nafasi. Boston mwaka 1845, Horace Mann, katibu wa bodi ya elimu ya Massachusetts, alitetea mitihani ya kuandika kwa hoja ambazo hadi leo ni ngumu kuzijibu: wote wanapata maswali yaleyale na muda uleule, mwalimu hawezi kumdokezea kipenzi chake, na majibu yanabaki kama ushahidi. Miaka ya 1960 bodi ya kitaifa ya watahini wa udaktari ya Marekani ililinganisha alama za watahini wawili kwa mtahiniwa mmoja, ikakuta kwamba hawakubaliani kwa kiwango cha kutegemewa, ikauacha mtihani wake wa kando ya kitanda. Bodi ya magonjwa ya ndani ikaacha wa kwake mwaka 1972.

Yaani mtahini huathirika. Anayeongea kwa kujiamini anaonekana anajua. Wa kwanza asubuhi anapimwa na mtu mwenye nguvu, na wa mwisho jioni anapimwa na mtu mwenye njaa. Kwa upande wa udaktari, dawa ilitoka Dundee, Scotland, ambako mwaka 1975 Ronald Harden alichapisha mtindo wa vituo vingi vifupi, kila kituo na karatasi yake ya vigezo. Wanafunzi wa Muhimbili wanaufahamu kwa jina la OSCE. Somo lake kwa asaimenti ya kawaida ni dogo lakini halina mbadala. Maswali mawili ya kufungulia yawe yaleyale kwa wote. Vigezo viwe vitatu au vinne, vimeandikwa kabla, na wanafunzi wamevisoma. Mtahini aandike alama mwanafunzi anapotoka mlangoni, kabla hajamwita anayefuata, na kama watahini ni wawili kila mmoja aandike yake kabla hawajasemezana.

Sasa niseme pale ambapo naona vyuo vingi vitateleza. Mhadhiri anasoma kazi 120, anashuku tano, anawaita hao watano tu. Anaona ameokoa muda, kumbe ameanzisha mahakama. Watano hao wanaingia wakitetemeka, na mtu anayetetemeka husahau hata jina la kozi. Wale 115 waliobaki wamejifunza kwamba kinachotakiwa ni kutoshukiwa, na kutoshukiwa ni jambo ambalo AI yenyewe inaweza kukusaidia: iambie iandike kwa makosa mawili matatu ya kibinadamu. Na nani hasa hushukiwa? Ni yule msichana wa nyuma asiyeongea kwenye seminari, ambaye maandishi yake ni mazuri kuliko mdomo wake. Kijana mchangamfu wa mbele, anayemsalimia Dokta kwa jina, hawezi kushukiwa.

Mahojiano ya wote hayana mshtakiwa. Na nguvu yake ya kuzuia udanganyifu haitokani na kumnasa mtu siku ile, inatokana na wiki zilizotangulia. Mwanafunzi anayejua tangu wiki ya kwanza ya muhula kwamba kila asaimenti ina kiti cha kukalia mbele ya mwalimu, ataisoma kazi yake. Hata kama imeandikwa na ChatGPT, ataisoma, atatafuta maana ya maneno, atavifungua vyanzo vilivyotajwa, na hapo ndipo wengi watakapogundua kwamba kuielewa kazi ya mwingine hadi uweze kubanwa nayo kunakula muda karibu sawa na kuiandika. Akishafika hapo, njia ya mkato haina mkato tena.

Kama kuwaita wote kila mara hakuwezekani, kuna hesabu ya bahati nasibu. Tuseme asaimenti ni tatu kwa muhula na kila mara anaitwa mwanafunzi mmoja kati ya watano. Uwezekano wa mtu kukwepa mara zote tatu ni 0.8 mara 0.8 mara 0.8, yaani asilimia 51. Mcheza kamari anauchukua huo bila kufikiri. Ukiita theluthi moja kila mara, wa kukwepa kabisa wanashuka hadi kama asilimia 30. Kilicho bora ni kuhakikisha kila mmoja ataitwa angalau mara moja, siku asiyoijua, na jina likishaitwa lirudi kapuni, la sivyo walioitwa mwanzo watajua wamemaliza deni. Kwa haki, alama ya mahojiano iwe ya asaimenti ile moja aliyoitiwa, na uzito wake uwe sawa kwa wote.

Muda ndio hoja ambayo kila mhadhiri huitoa kwanza, na ana haki. Darasa la 40, dakika kumi kila mmoja na tatu za kuingia na kutoka, ni saa 8 na dakika 40. Inawezekana. Darasa la 400 ni zaidi ya saa 86, na ukiweka watahini wawili ni zaidi ya saa 170 za watu kufanya kazi. Lakini mara nyingi tunasahau upande wa pili wa mizani: kusahihisha insha 400 kwa dakika 15 kila moja ni saa 100, saa ambazo sasa huenda zinatumika kuisahihisha mashine. Ukifupisha kazi ya kuandika hadi kurasa tatu na kuihamishia sehemu ya muda huo kwenye mazungumzo, pengo linapungua. Chuo Kikuu cha California, San Diego, baadhi ya kozi za uhandisi zenye wanafunzi wengi zilijaribu mitihani ya mdomo tangu wakati wa Korona kwa kuwafunza wasaidizi wa walimu namna ya kuhoji. Huku kwetu darasa kubwa tayari hugawanywa katika seminari chini ya wakufunzi wasaidizi, na saa ya seminari ndiyo mlango wa kuingilia. Kwa zile kozi za lazima ambazo ukumbi unajaa hadi wengine wanasikiliza dirishani, mimi ningesema ukweli: mahojiano hayafai, wapeni mtihani wa chumbani.

Wapo wanaotaka kuutatua mgogoro wa muda kwa kumweka AI awe mtahini. Mwishoni mwa 2025 Panos Ipeirotis, profesa wa shule ya biashara ya Chuo Kikuu cha New York (NYU), aliwahoji wanafunzi 36 kwa mtahini wa sauti aliyetengenezwa kwa AI, wastani wa dakika 25 kila mmoja, kwa gharama ya takriban dola 15 kwa darasa zima. Wanafunzi wengi walikiri kwamba ulipima kweli walichokielewa, lakini wachache sana waliupenda kuliko mtihani wa kuandika. Wengi waliuona unawatia msongo zaidi. Mashine ilirundika maswali kadhaa kwa pumzi moja. Na ilipoambiwa ichague kwa nasibu kisa kimoja cha kampuni kati ya vilivyojadiliwa darasani, karibu kila mara ilichagua cha Zoom, kwa hiyo mwanafunzi wetu wa Kariakoo asijisikie vibaya. Dola 15 ni bei ya kuvutia, lakini mtahini anayetambua lafudhi ya New York bado hajathibitisha kwamba atamsikia vizuri mtu wa Kigoma.

Hapo tumefika kwenye suala la lugha, ambalo makala nyingi za Wamarekani hulipita kwa sentensi moja. Tanzania, mtoto wa shule ya serikali husoma msingi kwa Kiswahili, sekondari anahamishiwa Kiingereza, na chuoni anatakiwa aandike na kujibu kwa Kiingereza. Lubumbashi na Bujumbura mzigo huohuo unabebwa kwa Kifaransa. Mwanafunzi huyu amezoea kuandika kwa lugha moja na kufikiri kwa nyingine. Kwenye karatasi ana muda wa kutafsiri. Kwenye kiti cha mahojiano hana. Ukimhoji kwa Kiingereza pekee utakuwa unapima vitu viwili kwa alama moja, na kile usichokusudia ndicho kitakachoshinda. Aliyesoma shule ya kulipia tangu chekechea atapepea, wa shule ya kata atajikwaa, na mhadhiri ataandika kwamba wa pili hakuielewa kazi yake.

Msimamo wangu ni kwamba kama kinachopimwa ni uelewa, mwanafunzi aruhusiwe kujibu kwa Kiswahili au kwa kuchanganya. Ndivyo wahadhiri wengi wanavyowaelewesha wanafunzi wao nje ya ukumbi, kwenye korido, mlango wa ofisi ukiwa nusu wazi. Najua pingamizi: kanuni za vyuo zinataja lugha ya kufundishia, na mtahini wa nje anaweza kuwa ametoka nchi ambako Kiswahili hakisikiki. La kwanza linaweza kujibiwa kwa idara kuamua wazi kwamba mahojiano ni uthibitisho wa kazi iliyokwisha kuandikwa kwa Kiingereza. La pili ni gumu zaidi, na tafsiri ya muhtasari ndiyo njia pekee ninayoiona. Lakini kuna faida isiyotarajiwa. Mwanafunzi aliyekariri maelezo ya ChatGPT ameyakariri kwa Kiingereza. Mwambie "hebu nieleze kwa Kiswahili, kama unamweleza mdogo wako wa kidato cha pili", na utaona haraka kama kuna maana iliyobaki maneno yakishavuliwa.

Kuna jambo jingine ambalo lazima lisemwe bila kuzungushwa. Mahojiano ya faragha kati ya mhadhiri mmoja na mwanafunzi mmoja, ofisini, kwa alama zisizo na karatasi ya kuthibitisha, ni mazingira ambayo rushwa ya ngono huyapenda. Tanzania ina kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 kinachokataza mtu mwenye mamlaka kudai ngono kama sharti la huduma au haki, na hakikuwekwa pale kwa mapambo. Chuo kisichoweza kuweka watu wawili chumbani kisianzishe mahojiano. Chumba kiwe cha seminari, si ofisi, na ratiba ibandikwe ukutani. Italia, ambako mtihani wa mdomo haujawahi kuondoka vyuoni, mitihani hiyo kwa kawaida ni ya hadhara: wenzako wanaweza kukaa nyuma wakisikiliza unavyobanwa. Si kila mwanafunzi atalifurahia hilo, lakini hakuna anayeweza kudai jambo baya kwa mtu mbele ya watu kumi na wawili.

Kurekodi sauti kunasaidia pia, kwa sababu mbili. Mwanafunzi anayekata rufaa anapata kitu cha kusikilizwa tena, na mtahini wa nje, ambaye kazi yake ni kukagua sampuli za karatasi zilizosahihishwa, anapata cha kukagua. Rekodi hizo ni taarifa binafsi za watu. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019 na Tanzania ilipitisha yake 2022, kwa hiyo chuo kinatakiwa kumwambia mwanafunzi anarekodiwa, kwa sababu gani, na rekodi itafutwa lini. Kuzihifadhi kwenye simu ya mhadhiri hakufai.

Mwenye kigugumizi, kiziwi, au mwenye wasiwasi uliothibitishwa na daktari apewe njia nyingine mapema, bila kulazimika kuomba siku yenyewe: muda wa ziada, mkalimani wa lugha ya alama, au kujibu maswali yaleyale kwa kuandika mbele ya mtahini. Na wote waruhusiwe kushika kazi yao. Mtu husahau alichoandika wiki tatu zilizopita hata kama alikiandika kwa damu; ndiyo maana mahojiano yafanyike ndani ya wiki moja ya kuwasilisha.

Yafanyike ana kwa ana pia. Mahojiano ya Zoom kwa ajili ya kuzuia AI angalau yalikuwa na maana kiasi fulani mwaka 2023. Tangu 2025 kuna programu kama Cluely zinazosikiliza swali na kumwandikia mhojiwa jibu kwenye skrini yake akiwa anatabasamu. Vyuo vya masafa havina budi kuwaita wanafunzi kwenye vituo vyao vya mikoani.

Na si kila kozi inafaa. Kozi inayofundisha uandishi haiwezi kupimwa kwa mdomo, kwa sababu mtu anaweza kuieleza insha vizuri sana bila kuweza kuiandika. Hapo mkalishe chumbani aandike. Chuo Kikuu cha Sydney kimeigawa tathmini yake katika njia mbili, moja inayolindwa, mahojiano yakiwemo, na nyingine iliyo wazi ambako matumizi ya AI yanaruhusiwa, na naona mgawanyo huo una akili kuliko kujaribu kulinda kila kitu.

Linabaki swali la mwanafunzi aliyeshindwa kueleza kazi yake. Kishawishi ni kumpeleka kamati ya nidhamu kwa udanganyifu. Kwa ushahidi gani? Kushindwa kueleza kunathibitisha kwamba hakuelewa, hakuthibitishi kwamba AI iliandika, na kamati makini itaitupa kesi hiyo. Lakini hakuna haja ya kesi. Ikiwa mwongozo wa kozi ulisema tangu wiki ya kwanza kwamba asaimenti ina alama 20, nane za karatasi na kumi na mbili za kuieleza, basi aliyeleta karatasi ya ajabu akapata mbili za kuieleza ana alama kumi. Apewe nafasi moja ya kurudia ndani ya siku kumi na nne, kwa mada nyingine, na kama mwishoni mwa muhula bado hazitoshi atakutana na sapu, mtihani wa marudio, kama mtu mwingine yeyote. Kamati ya nidhamu ibakie kwa yule ambaye, akiulizwa alivyopata data ya wafanyabiashara 40, anajibu kwamba hao 40 hawapo.